Kichina kwa Msemaji wa Kiswahili: Utangulizi wa Lugha na Utamaduni Wake

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeanza kujifunza Kichina aghalabu hukabidhiwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kitabu hicho humwonya, katika kurasa zake za mwanzo, kwamba lugha anayoiendea ina maajabu mengi: haitofautishi mwanamume na mwanamke inapotaja nafsi ya tatu, haihesabu vitu pasipo kwanza kuvipanga katika mafungu, kitenzi chake hakijali sana wakati bali hujali kama tendo limetimia, na ndugu wa baba haitwi kwa jina moja na ndugu wa mama. Mwanafunzi huyasoma maonyo haya, huyakariri na kuyaogopa. Laiti angesimama kidogo akaifikiria lugha anayoizungumza nyumbani na sokoni, angetambua kwamba maajabu hayo ni ya Mwingereza, si yake.

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji misingi ya Kichina, pamoja na utamaduni uliofungamana nacho, kwa kupitia mlango wa Kiswahili. Si kusudi lake kudai kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Hakuna undugu wowote kati yazo: Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ilhali Kichina kimo katika jamii moja na Kitibeti. Linalodaiwa ni dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba njia ya kupita Kiingereza humzungusha msemaji wa Kiswahili pasipo haja, na mahali pengine humpoteza kabisa.

Yafaa kuanza na jina. Kinachoitwa Kichina si lugha moja. Wataalamu wengi huigawa jamii hiyo katika makundi saba au zaidi: kundi la kaskazini, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, Wu, linalosemwa Shanghai na jirani zake, Yue la Guangzhou na Hong Kong, Min la Fujian na Taiwan, kisha Hakka, Xiang na Gan. Wachina huyaita makundi haya fāngyán, yaani 'semi za mahali', na vitabu hutafsiri neno hilo kuwa 'lahaja'. Tafsiri hiyo inaweza kumdanganya msomaji. Mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing, kila mmoja akisema usemi wa kwao, hawaelewani. Umbali ulio kati yao si ule wa Kiamu na Kiunguja, bali hukaribia ule wa Kiswahili na Kikamba. Isitoshe, wako raia wengi wa Uchina, kama vile Watibeti, Wauiguri na Wamongolia, ambao lugha zao za asili si Kichina hata kidogo.

Jina la Mandarin, linalotumiwa na Wazungu, liliingia Ulaya kwa kupitia Kireno, nacho kililipata katika Kimalei, ambako lilimaanisha waziri au mshauri wa mfalme. Asili yake ni Kisanskriti. Wachina wenyewe zamani walisema guānhuà, 'maneno ya maofisa', kwa kuwa ndiyo lugha iliyowawezesha watumishi wa serikali waliotoka majimbo mbalimbali kusikilizana. Leo huitwa pǔtōnghuà, 'maneno ya wote', katika Jamhuri ya Watu wa China. Guóyǔ, 'lugha ya taifa', katika Taiwan. Na huáyǔ katika Singapore. Usanifishaji wake ulijadiliwa katika mikutano ya mwaka 1955, na agizo la serikali la Februari 1956 likaweka misingi mitatu: matamshi ya Beijing, msamiati wa semi za kaskazini, na sarufi ya maandishi bora yaliyoandikwa kwa lugha ya kisasa ya kawaida. Msomaji anayekumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kuusimamia uamuzi huo, hatakosa kuona kufanana. Ama msomaji wa Mombasa, huyo hahitaji kuelezwa machungu ya usemi uliokosa kuchaguliwa.

Kimvita, hata hivyo, kina zawadi kwa mwanafunzi wa Kichina. Katika Kiswahili cha Mombasa na cha Lamu, paa la nyumba hutofautishwa na p'aa wa mwituni kwa mpumuo: p ya kwanza hutamkwa pasipo pumzi, na ya pili hufuatwa na pumzi inayosikika. Vivyo hivyo kaa la moto si sawa na k'aa wa baharini. Maandishi sanifu hayaionyeshi tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawanayo. Basi Kichina kimejengwa juu yake. Herufi b, d na g, zinapoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini inayotumiwa kuandikia Kichina, hazina mtetemo wa koo hata kidogo. Ni p, t na k zisizo na pumzi. Herufi p, t na k za Kichina ni zile zenye pumzi. Kitabu cha Kiingereza kinapomwambia mwanafunzi atamke b kama ya Kiingereza humpotosha kidogo. Akitamka b ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida huvuta hewa kuelekea ndani, amepotea zaidi. Dawa yake ni kumwendea mzee yeyote wa Kisauni amtamkie paa na p'aa mara kumi.

Alfabeti hiyo huitwa pīnyīn. Iliidhinishwa na bunge la Uchina tarehe 11 Februari 1958, baada ya kazi ya kamati ambayo mjumbe wake mashuhuri alikuwa Zhou Youguang, mchumi aliyegeuka kuwa mwanaisimu na kuishi tangu mwaka 1906 hadi 2017. Haikuja kuyaondoa maandishi ya kale. Kazi yake ni kufundishia matamshi, kupanga kamusi na, siku hizi, kuandikia kwenye simu na kompyuta. Baadhi ya herufi zake humtega mgeni: c husomwa ts yenye pumzi, q ni kama ch inayotamkwa mbele ya kinywa huku midomo imetanuliwa, x ni sh laini ya mahali hapo hapo, zh, ch na sh hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa imekunjwa nyuma. Irabu ü hupatikana kwa kutamka i huku midomo imeviringwa. Ng iliyo mwishoni mwa silabi ni ng' ya ng'ombe, si ng ya ngoma.

Toni ndiyo inayowakimbiza wengi. Kila silabi ya Kichina ina mwendo wake wa sauti, na mwendo huo ni sehemu ya neno kama zilivyo konsonanti na irabu. Toni ya kwanza hukaa juu pasipo kutikisika. Ya pili hupanda. Ya tatu hushuka hadi chini, kisha hupanda kidogo endapo silabi imesimama peke yake. Ya nne huanguka ghafla kutoka juu. Silabi ma ikitamkwa kwa toni hizo kwa mfuatano ni mā 'mama', má 'katani', mǎ 'farasi' na mà 'kutukana'. Iko pia silabi nyepesi isiyo na toni yake, na ma nyepesi ikiwekwa mwishoni mwa sentensi huifanya swali, kama je ya Kiswahili. Mfano wa ma hupendwa na walimu, lakini si rahisi mtu kumchanganya mama yake na farasi. Hatari iko katika maneno yanayoishi pamoja. Kununua ni mǎi na kuuza ni mài. Mchuuzi asiyejua toni hawezi kujulikana ametoka kwa lipi. Kuuliza ni wèn, na kubusu ni wěn. Mgeni anayetaka kusema 'naomba kuuliza' hana budi kuichunga sauti yake.

Haielekei, hata hivyo, kusema kwamba toni ni ngeni kwa Wakenya. Gikuyu, Kikamba na Dholuo ni lugha za toni. Kiswahili ndicho kilichoipoteza, kikabakia na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wa Machakos kwamba toni ni jambo lisilo na mfano huyaziba masikio yaliyokwisha kuzibuliwa na mama zao. Ni kweli kwamba toni za lugha za Kibantu kwa jumla ni za ngazi, yaani juu na chini, na mara nyingi hubeba sarufi, ilhali za Kichina ni za mwendo na hubeba maana ya neno lenyewe. Lakini sikio lililozoea kuipa sauti uzito lina nusu ya safari mkononi.

Asiye na lugha nyingine ila Kiswahili atakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni ule mkazo. Akitamka Běijīng kwa desturi yake, ataikaza silabi ya kwanza na kuiachia ya pili ianguke, na jīng ambayo yapasa kukaa juu hadi mwisho itakuwa neno jingine. Cha pili ni kiimbo. Katika Kiswahili sauti hupandishwa ili kuuliza na kushushwa kwa ukali ili kuamuru. Mwanafunzi aliyeshikwa na wasiwasi huimalizia kila sentensi ya Kichina kwa sauti ya kuuliza, na toni zote za mwisho huharibika. Jambo moja zaidi lafaa kujulikana tangu siku ya kwanza, kwa sababu limo katika salamu yenyewe. Toni mbili za tatu zikifuatana, ya kwanza hugeuka kuwa ya pili. Ndiyo maana nǐ hǎo, salamu inayofahamika na wote, husemwa ní hǎo ingawa haiandikwi hivyo.

Sarufi ya Kichina husifiwa kuwa nyepesi, kwa kuwa maneno hayabadiliki. Hakuna viambishi vya nafsi, vya wakati wala vya wingi kama vile vinavyokijaza kitenzi cha Kiswahili. Wǒ chī ni 'mimi kula', nǐ chī 'wewe kula', tā chī 'yeye kula', basi. Sifa hiyo ina ukweli, lakini mzigo haukutoweka. Umehamishiwa katika mpangilio wa maneno na katika vijineno vidogo vinavyosimama baada ya kitenzi.

Mpangilio wa fungu la nomino ni kinyume kabisa cha Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili hutaja kitu kwanza, kisha akakieleza: vitabu vyangu vile vitatu vizuri. Mchina huanza na maelezo yote na kukiweka kitu mwishoni: wǒ nà sān běn hǎo shū, neno kwa neno 'mimi, ile, tatu, běn, zuri, kitabu'. Nyumba ya baba ni bàba de fángzi, ambapo de hufanya kazi ya -a ya uhusiano, ila mwenye mali hutangulia. Mwanafunzi atakayejizoeza kuyasoma mafungu ya Kiswahili kutoka mkia hadi kichwa atashangaa jinsi sentensi za Kichina zinavyojipanga zenyewe.

Ama kuhusu vijineno vya kitenzi, hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanafunzi zaidi, na ndipo pia kinapoweza kumtega. Kijineno le huonyesha kwamba jambo limetimia au hali imegeuka. Tā chī le ni 'amekula'. Tiān lěng le ni 'kumekuwa baridi'. Vitabu vya Kiingereza hukifananisha kijineno hiki na wakati uliopita, kisha hutumia kurasa nyingi kueleza kwa nini hakifanani nao. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kurasa hizo: anajua tangu utotoni kwamba -me- si -li-. Anajua pia kwamba kutimia kunaweza kuwa kwa kesho, kama katika 'kesho nikisha kula nitakwenda', nayo sentensi hiyo katika Kichina hutumia le vile vile. Kijineno guò ni cha mambo yaliyowahi kumpata mtu: wǒ qù guò Běijīng, 'nimewahi kwenda Beijing'.

Mtego ni huu. Kiambishi -me- cha Kiswahili kina kazi mbili ambazo wasemaji wake hawana haja ya kuzitenga. Katika 'amekula' tendo limetimia. Katika 'amekaa' au 'amevaa shati jekundu' kinachoelezwa ni hali inayoendelea baada ya tendo. Kichina huzitenga kwa nguvu. Ya kwanza ni kazi ya le, na ya pili ni kazi ya zhe: tā zuò zhe, 'amekaa', yaani yuko kitini, mén kāi zhe, 'mlango umefunguliwa', yaani uko wazi sasa. Mwanafunzi anayeifanya kila -me- kuwa le atasema kwamba mtu amevaa shati lake akamaliza, ilhali alitaka kusema kwamba huyo bwana yuko pale, na shati mwilini. Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachomwonya juu ya kosa hili, kwa sababu Mwingereza halifanyi.

Kuhesabu nako kwataka maelezo. Mchina hasemi 'tatu kitabu'. Baina ya idadi na nomino hana budi kuingiza neno la kuhesabia, na neno hilo hutegemea jinsi kitu kilivyo. Vitabu huhesabiwa kwa běn; vitu bapa kama meza, karatasi na picha kwa zhāng; vitu virefu vinavyopinda kama samaki, nyoka, mto, barabara na hata suruali kwa tiáo; vitu vyenye mahali pa kushika kama kisu, mwavuli na kiti kwa bǎ; farasi kwa pǐ; watu, na vitu vingi visivyo na neno lao, kwa gè. Mwanafunzi wa Kiingereza hulia anapofika hapa. Msemaji wa Kiswahili amekulia katika ngeli. Kwake si ajabu kwamba uzi, ufito na ugwe, vitu virefu na vyembamba, vimekusanywa chini ya u-. Wala kwamba embe, chungwa, yai na jicho vimo katika ngeli moja. Wala kwamba ngeli nzima inaweza kuwa na mantiki iliyo wazi pembeni na iliyovurugika katikati. Tofauti ni kwamba ngeli husambaa. Katika 'vitabu vyangu vile vitatu vizuri vimepotea' alama ya ngeli yajirudia katika kila neno. Katika Kichina běn hutajwa mara moja tu, karibu na idadi au kionyeshi, kisha hunyamaza. Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha kwanza ataiona neema iliyo katika unyamavu huo.

Kuhusu yeye maneno machache yatatosha. Kichina husema tā kwa mwanamume na kwa mwanamke, kama Kiswahili. Maandishi, hata hivyo, yalikuja kutofautisha: katika miaka ya 1910 na 1920 waandishi waliokuwa wakitafsiri vitabu vya Ulaya, hasa Liu Bannong, walieneza alama ya pekee ya tā wa kike, yenye umbo la 'mwanamke' ubavuni. Hivyo jicho huona tofauti ambayo sikio haliisikii.

Maandishi hayo huitwa hànzì. Mifano yake ya kale inayojulikana sana ni ile iliyochorwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe kwa ajili ya kupiga ramli, katika enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mifupa hiyo ilitambuliwa na wasomi mwaka 1899. Hapo kabla ilikuwa ikiuzwa kama dawa. Mfalme Qin Shi Huang, aliyeiunganisha Uchina mwaka 221 kabla ya Kristo, alilazimisha mtindo mmoja wa kuandika nchini kote. Karibu na mwaka 100 baada ya Kristo Xu Shen alitunga kamusi iliyoeleza alama 9,353 na kuzipanga chini ya vichwa 540. Kamusi ya mfalme Kangxi, ya mwaka 1716, ina zaidi ya alama 47,000. Idadi hizi hazipaswi kumtisha msomaji. Orodha ya serikali ya mwaka 2013 ina alama 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo zilizohesabiwa kuwa za matumizi ya kawaida.

Wengi hudhani kwamba kila alama ni picha. Zipo zilizotokana na picha: 日 ni jua, 月 mwezi, 木 mti, 山 mlima. Jua na mwezi vikiwekwa pamoja, 明, ni 'angavu'. Miti miwili, 林, ni kichaka, na mitatu, 森, ni msitu. Mifano hii hupendeza darasani, na kwa hiyo hurudiwa kupita kiasi, lakini ni michache. Sehemu kubwa ya alama zimeundwa kwa vipande viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti. Alama ya mā 'mama', 妈, ina 'mwanamke' kushoto na mǎ 'farasi' kulia. Farasi hana lake katika umama ila sauti. Anayelijua hili huacha kukariri michoro elfu tatu na huanza kujifunza vipande mia mbili tatu vinavyorudi tena na tena. Mwaka 1956 serikali ilianza kupunguza mipigo ya kalamu katika alama nyingi. Maumbo hayo mepesi hutumiwa Uchina bara na Singapore, ilhali Taiwan na Hong Kong zimeshikilia ya kale.

Alama moja kwa kawaida ni silabi moja na mofimu moja, na maneno mapya huundwa kwa kuziunganisha. Simu ni diànhuà, 'maneno ya umeme'. Kompyuta ni diànnǎo, 'ubongo wa umeme'. Garimoshi ni huǒchē, 'gari la moto': Mswahili alitazama bomba, Mchina akatazama tanuri. Twiga ni chángjǐnglù, 'kulungu mwenye shingo ndefu'. Jina hilo ni la baadaye. Twiga wa Malindi alipofikishwa mbele ya mfalme wa Ming mwaka 1415, katika enzi ya safari za Zheng He, aliitwa qílín, mnyama wa baraka wa ngano za Kichina. Katika biashara hizo za bahari Waswahili walipata vyombo vya kauri ambavyo vigae vyake vingali vinaokotwa Gede na Pate. Na neno chai, ambalo msomaji hulitamka kila asubuhi, ni chá ya Kichina iliyopita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika pwani.

Mahali ambapo lugha na utamaduni haviwezi kutenganishwa ni katika majina ya ukoo. Baba ni bàba na mama ni māma. Mfanano huo hauthibitishi lolote, kwani watoto wachanga wa mataifa mengi huanzia midomoni. Lakini tazama yanayofuata. Kaka mkubwa wa baba ni bóbo, na huyu ni baba mkubwa. Mdogo wa kiume wa baba ni shūshu, baba mdogo. Dada wa baba ni gūgu, shangazi. Kaka wa mama ni jiùjiu, mjomba. Dada wa mama ni yí, mama mkubwa au mama mdogo. Kitabu cha Kiingereza kina maneno mawili tu ya kuwaeleza watu hawa wote, na humlazimisha mwanafunzi wa Kenya kuvunja jamaa yake mwenyewe vipande, kisha kuijenga upya kwa maelezo marefu, ilhali mstari mmoja wa Kiswahili ungetosha. Kaka mkubwa na mdogo wa kiume nao wana majina mbalimbali, gēge na dìdi, na dada vivyo hivyo, jiějie na mèimei; umri hauwezi kusahauliwa katika nyumba ya Kichina. Mtoto humwita shūshu au āyí hata mpita njia wa makamo ya wazazi wake, na hili pia Mkenya halioni kuwa geni.

Ziko tofauti zinazofaa kuangaliwa. Babu mzaa baba ni yéye, neno litakalomchekesha Mswahili, na bibi mzaa baba ni nǎinai. Lakini wazazi wa mama ni wàigōng na wàipó, na hiyo wài ni 'nje'. Watoto wa kaka wa baba huitwa kwa táng, 'ukumbi', yaani wa ukumbi mmoja. Binamu wengine wote huitwa kwa biǎo, ambayo nayo ni ya upande wa nje. Ukoo hufuata ubabani, na lugha haifichi. Mwanamke hubaki na jina la ukoo wake hata akiolewa, nalo jina la ukoo hutangulia: Zhou Youguang ni Bwana Zhou. Sera ya mtoto mmoja, iliyotekelezwa tangu mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015, iliyajaribu majina haya kwa namna ya pekee. Mtoto wa wazazi wawili ambao kila mmoja alizaliwa peke yake hana bóbo, hana gūgu, hana jiùjiu. Huyasoma majina hayo kitabuni kama mgeni anavyoyasoma.

Jambo la mwisho la utamaduni hurudi kwenye sauti. Kichina kina silabi kama 400 tu zikihesabiwa pasipo toni, na kama 1,300 pamoja na toni. Kwa hiyo maneno yanayofanana kwa sauti ni mengi kupita kiasi. Mwanaisimu Zhao Yuanren, aliyefariki mwaka 1982, alitunga kisa kizima kwa silabi shi peke yake. Katika maisha ya kila siku ufanani huo umezaa heri na mikosi. Samaki, yú, haikosi mezani wakati wa Mwaka Mpya wa mwezi mwandamo, kwa kuwa yú nyingine ni 'ziada'. Neno fú, 'heri', hubandikwa mlangoni kichwa chini, kwa kuwa 'kupinduka' na 'kufika' zote ni dào. Nne, sì, hukaribia sǐ, 'kufa', na majengo mengi hayana ghorofa yenye nambari hiyo. Mgeni asimpelekee mwenyeji wake saa ya ukutani, kwa kuwa sòng zhōng, 'kupeleka saa', ni pia kumsindikiza mtu anayekufa. Vitabu vingi huyaweka mambo haya katika sura ya ushirikina. Yangewekwa katika sura ya fonolojia yangeeleweka upesi zaidi.

Mafunzo ya Kichina yamekwisha kukaribia Kenya. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2019 ilitangazwa kwamba lugha hiyo ingeingizwa miongoni mwa masomo ya shule za msingi. Upande wa pili, Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Majina ya nchi hizi yamekwisha kuandikwa kwa hànzì, ambazo, zikitumiwa kuandikia majina ya kigeni, huacha maana zao na kubaki sauti: Kenya ni Kěnníyà, Nairobi ni Nèiluóbì, Mombasa ni Méngbāsà. Kiswahili ni Sīwǎxīlǐyǔ. Ndani ya alama zake tano mna wǎ 'kigae', xī 'tumaini' na lǐ 'ndani', na hakuna Mchina anayeviona vitu hivyo anapolisoma neno. Alama ya tano tu, yǔ, ndiyo iliyobaki na maana yake, 'lugha'; nayo inafanya mwishoni kazi ile ile ambayo ki- huifanya mwanzoni.